Okoa Kwanza: Mafundi wa Diski wa Uswahilini

Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Televisheni nazo ziliguswa, na watu wengi wanaikumbuka marufuku ile kwa televisheni tu, maana Zanzibar walikuwa wanatazama picha za rangi na sisi wa Bara tumebaki na redio. Mimi naitaja kwa sababu ya kompyuta. Sikuwa nimezaliwa, lakini karibu kila nilichojifunza katika ufundi huu kinaanzia pale.

Serikali haikufanya vile kwa ujinga. Kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilisimikwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hadi 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Wizara ilijaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kubwa za ICL, mfumo ukashindwa, fedha za kigeni zikateketea, makarani wakarudi kwenye kazi ya mkono. Nchi iliyokuwa inahesabu kila dola ikafunga mlango, na aliyetaka kompyuta aombe kibali maalumu. Mlango ukalegea enzi za Rais Mwinyi, ukafunguka mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sasa angalia nini kilipita nje ya mlango huo. IBM walitoa PC mwaka 1981, na mwaka 1983 wakatoa XT iliyokuwa na diski ya megabaiti 10 ndani yake. Fundi wa London au Nairobi alikua pamoja na diski: aliiona ikiwa mpya, akaiona inazeeka, akazoea magonjwa yake moja moja. Sisi wa uswahilini, yaani Temeke, Tandika na Mbagala, na upande wa pili wa jiji Manzese, Tandale, Sinza na Mwenge, tulikutana nayo mwishoni mwa miaka ya 1990, na tulikutana nayo ikiwa imechoka. Kompyuta ilikuwa imeshafanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya Ulaya, ikauzwa kwa jumla, ikapanda meli, ikashushwa bandarini, ikapita Kariakoo, ndipo ikaja kwetu na karatasi ya mali ya kampuni fulani ya Uholanzi bado imebandikwa ubavuni.

Vitu vinavyozunguka muda wote ndani ya kompyuta ya namna hiyo ni feni na diski, na kinachozunguka huchakaa. Feni ikifa unanunua nyingine kwa hela ya chai. Diski ikifa, imekufa na vitu vya watu. Ndiyo maana ufundi wa kompyuta wa pembeni ya Dar es Salaam, tangu siku zake za mwanzo, ulikuwa ufundi wa diski.

Nilianza kama mpiga chapa katika steshenari moja karibu na Temeke Mwisho. Tulikuwa na mashine mbili, printa moja ya wino na fotokopi iliyokuwa inakunja karatasi. Watu wanadhani steshenari ni mahali pa kununulia daftari. Kwetu ilikuwa ofisi ya kila mtu asiyekuwa na ofisi. Kadi za michango ya harusi, barua za kuomba kazi, ratiba za ligi ya mtaa, mitihani ya mwalimu wa twisheni, katiba ya kikundi cha kufa na kuzikana. Na zaidi ya yote, mikataba ya kuuziana viwanja.

Hapo naomba msomaji asimame nami kidogo. Jiji lilikuwa linakimbia kuelekea Mbagala, Chamazi, Toangoma, na kule Kinondoni kuelekea Goba na Bunju. Serikali ilianza Mradi wa Viwanja 20,000 mwaka 2002, ikapima maeneo kama Kibada, Mtoni Kijichi, Mbweni na Bunju, na waliopata viwanja vile wakapata hati. Waliobaki, ambao ndio wengi, walinunua shamba la mikorosho lililokatwa vipande kwa hatua za miguu. Hati yao ilikuwa karatasi moja iliyopigwa chapa steshenari: muuzaji fulani amemuuzia mnunuzi fulani kiwanja chenye hatua 20 kwa 15, kaskazini kinapakana na fulani, mashariki na njia, mashahidi ni hawa, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Nakala mbili zinatiwa sahihi na kuondoka. Nakala ya tatu ilibaki bila mtu kuikusudia, ndani ya diski, kwa sababu mpiga chapa akitaka kuandika mkataba mwingine alifungua ule wa jana, akabadilisha majina, akauhifadhi kwa jina jipya.

Hivyo diski za steshenari zikawa masijala ya mji wa pembeni. Hakuna aliyezipanga ziwe hivyo, na sidhani kama kuna mahali pengine ambapo historia ya jinsi Mbagala ilivyojengwa imeandikwa kwa ukamilifu ule, kiwanja baada ya kiwanja, na majina ya majirani.

Aliyenifundisha kufungua mashine alikuwa fundi redio wa Tandika. Nilimwita Mzee, naye aliniita binti hata nilipokuwa na watoto wangu. Alikuwa ametengeneza redio za National zilizounganishwa hapa hapa Dar es Salaam na za Philips zilizotoka kiwandani Arusha, na ITV ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994 akahamia televisheni. Kompyuta kwake zilianza na vioo, maana kioo cha zamani kilikuwa televisheni isiyo na antena. Kutoka kwenye kioo akaingia kwenye pawasaplai, na hapo tukakutana. Yeye hakujua Windows, mimi sikujua umeme. Mafundi wengi wa kizazi changu wametoka mikononi mwa watu kama yeye. Wapo waliopita VETA Chang'ombe au Taasisi ya Teknolojia, na nawaheshimu, lakini wengi tulifunzwa na mafundi redio. Walituachia tabia moja kubwa: kupima kabla ya kugusa.

Alikuwa na swali lake. Mteja akisema mashine haiwaki, Mzee alimuuliza, “Haiwaki vipi?” Mashine isiyoonyesha taa hata moja ina ugonjwa wake. Inayowasha taa na kuandika kwenye kioo kwamba haioni diski ina wake. Inayoanza, ikaonyesha nembo ya Windows, ikajizima na kuanza tena bila kufika, hiyo nayo ni habari nyingine kabisa. Leo nikiona kijana anachomeka flashi ya kupiga Windows, yaani kufuta diski na kuiweka upya, kabla hajauliza swali hilo, huwa namzuia mkono.

Enzi za Windows 98 ugonjwa wetu mkuu ulikuwa umeme kukatika katikati ya kazi. Kila aliyekuwa na kompyuta miaka ile anakikumbuka kile kioo cha bluu: umeme umerudi, unawasha, mashine inakwambia haikuzimwa inavyotakiwa, kisha programu ya ScanDisk inaanza kukagua huku mstari wa njano ukitambaa taratibu. Watoto waliokuja kuprintiwa kazi ya shule waliujua ule mstari kuliko sisi.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Diski za siku zile zilitumia mfumo unaoitwa FAT, yaani jedwali linaloandika kila faili liko kwenye vipande gani vya diski. Jedwali ni kama daftari la mtunza ghala: gunia lipo ghalani, lakini usipojua liko safu gani, huna gunia. Umeme ukikatika wakati mashine inaandika, data inakuwa imeshafika kwenye diski na jedwali halijapata taarifa, au kinyume chake. ScanDisk ilipokuta vipande visivyo na mwenyewe ilivikusanya na kuvipa majina ya namba: FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, na kuendelea. Watu wengi walivifuta wakidhani ni takataka. Ukivifungua kwa programu ya kuandikia maandishi matupu, ukavumilia kurasa za alama zisizosomeka, katikati yake unakuta sentensi: “kiwanja kilichopo Mbagala Kuu,” halafu jina, halafu bei. Nilijifunza kuvisoma kwa uvumilivu ule ule wa kusoma mwandiko mbaya wa wateja.

Hayo ni makosa ya jedwali, na jedwali hurekebishika. Makosa ya sahani yenyewe ni mengine. Ndani ya diski mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake bila kuzigusa. Mwanya wa diski za miaka ile ulikuwa makumi tu ya nanometa, na unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa. Mashine ilitingishwa kwenye kontena, ikabebwa kwenye mkokoteni Kariakoo, ikapanda daladala mapajani mwa mtu. Kichwa kikigusa sahani, pale palipokwaruzwa hapasomeki tena. Kwenye ukaguzi mrefu wa ScanDisk ilichorwa ramani ya vijiraba, na palipoharibika paliandikwa herufi B. B chache zilizokaa mahali pamoja unaweza kuishi nazo. Zikianza kutapakaa, au diski ikitoa mlio wa tik, tik, tik, Mzee alikuwa anachomoa waya bila kumuuliza mtu.

Mwaka 1999 kilikuja kirusi cha CIH, kilichoitwa pia Chernobyl kwa sababu kiliamka tarehe 26 Aprili, siku ya ajali ile ya mwaka 1986. Kiliandikwa na mwanafunzi wa Taiwan, kikasambaa ndani ya programu zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Mashine yenye kirusi hicho ikiwashwa tarehe hiyo, kinafuta megabaiti ya kwanza ya diski, yaani mwanzo wa jedwali lenyewe na kila kinacholitangulia, kisha kinajaribu kufuta chipu ya BIOS ili mashine isiwake kabisa. Korea Kusini na Uturuki waliumia vibaya. Tanzania tarehe 26 Aprili ni Sikukuu ya Muungano. Ilikuwa Jumatatu, ofisi za mjini zimefungwa, na mashine zao zililala salama. Steshenari za uswahilini hazifungi sikukuu.

Moja ya mashine zetu haikurudi jioni ile. Mwenye steshenari alitaka ifutwe na kuanza upya kesho yake, kwa sababu kadi za harusi zilikuwa zinasubiri. Mzee alikataa. Alisema diski inazunguka vizuri, haina mlio, kwa hiyo kilichomo hakijaondoka. Tuweke nyingine ya kufanyia kazi, hii ikae kabatini. Na ikakaa. Baadaye ikaja kueleweka kwamba FAT huweka nakala mbili za jedwali, na kwenye diski kubwa za wakati ule megabaiti moja iliyofutwa haikutosha kuifikia nakala ya pili. Programu za kurejesha kutoka nakala hiyo zilipotufikia tuliitoa diski kabatini, na karibu kila kitu kilikuwepo: mikataba ya viwanja ya tangu steshenari ifunguliwe.

Nadhani siku zile ndipo ilipozaliwa mila ambayo baadhi yetu tunaishika hadi leo: okoa kwanza, tengeneza baadaye.

Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilikuja na nafuu kwa sababu mashine nyingi zilihamia mfumo wa NTFS, ambao huandika kwanza mahali pa pembeni kile unachotaka kubadilisha. Umeme ukikatika, mfumo unajua ulipoishia. Uswahilini tuliipata XP miaka kadhaa baadaye, intaneti kafe zilipochipuka Mwenge, Sinza na Kinondoni. Ikaja na maradhi yake: kioo cheusi kinachosema NTLDR haipo, kioo cha bluu kinachosema diski ya kuanzia haifunguki. Tiba ilikuwa kuwasha kwa CD ya Windows, kuingia kwenye sehemu ya ukarabati, kisha kuandika chkdsk /r na kusubiri, baada yake fixboot, na inapobidi fixmbr. Mara nyingi mashine ilirudi. Nilimwona mwalimu wa twisheni akifuta machozi mbele ya mistari mitatu niliyokuwa nimeandika.

Lakini chkdsk /r ina hatari ambayo haielezwi vya kutosha. Inaisoma diski yote, kipande kwa kipande, na ikikuta pagumu inang'ang'ania. Diski nzima itavumilia. Diski inayokufa itamalizia uhai wake hapo hapo, na kile ambacho kingesomeka kwa saa moja iliyobaki kinapotea. Kwa hiyo kwanza toa diski, ifunge kwenye mashine nyingine kama diski ya pili, toa vitu, ndipo uanze ukarabati.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, Mtera likiwa mojawapo, na mgao wa umeme ukatuingia majumbani. Mwaka 2011 mgao mkali ukarudi. Mtu wa kawaida anaona mgao kama giza. Fundi anauona umeme unaporudi. Mtaa mzima uliacha feni, friji na pasi vikiwa vimewashwa; umeme ukirudi unashuka, unapanda, unashuka tena, na pawasaplai ya bei rahisi inapitisha kishindo hicho hadi kwenye diski. Asubuhi iliyofuata kibanda changu cha ufundi kilijaa. Wateja wote walisema neno moja: haiwaki.

Dalili ya kishindo hicho naijua hata nikiwa nimeangalia pembeni. Unabonyeza, feni inatikisika mara moja, inasimama. Unabonyeza tena, hivyo hivyo. Wengi hapo walibadilisha pawasaplai, na mpya nayo inatikisa feni na kusimama, halafu wanamwambia mteja mazabodi imeungua, nunua mashine nyingine. Mzee alinionyesha njia fupi: chomoa waya wa umeme wa diski, bonyeza tena. Mashine inawaka vizuri, inalalamika tu kwamba haina diski. Basi mwenye shoti ni diski.

Igeuze chali. Kwenye bodi yake ya kijani, karibu na pale unapoingia umeme, pana vidude viwili vyeusi vya mstatili, kila kimoja ukubwa wa punje ya mchele. Ni daiodi za ulinzi, moja ya volti 5, nyingine ya volti 12. Kazi yao ni kujitoa mhanga: umeme ukizidi, zinajifunga kuwa shoti ili kishindo kisipite kwenda kwenye chipu. Pawasaplai ikikuta shoti inajizima, ndiyo maana feni inatikisika na kusimama. Weka mita. Daiodi nzima inapitisha upande mmoja tu. Iliyokufa inasoma karibu sifuri pande zote mbili. Shika pasi ya kuchomea risasi, gusa upande huu, gusa ule, inyanyue kwa kibanio. Usiweke kitu mahali pake. Rudisha waya, bonyeza. Ukisikia sahani zinaanza kuzunguka, ule mlio mwembamba unaopanda na kutulia, una kazi moja tu ya kufanya, na si kumrudishia mteja mashine. Ile diski sasa haina mlinzi. Nakili kila kitu siku hiyo hiyo, kisha iandike kwa wino mzito kwamba imestaafu.

Nimeliona jambo hili likirudisha kwaya nzima. Kikundi kimoja cha Mbagala kilikuwa kimerekodi albamu, miezi ya mazoezi, sauti za mzee mmoja aliyefariki kabla kazi haijatoka, vyote kwenye diski moja. Waliambiwa mjini kwamba haiwezekani. Ilikuwa punje moja ya mchele.

Huko mjini, na siku hizi kila mahali, kulikuwa kumeshaingia tabia ya kupiga Windows. Naisema kwa uchungu. CD ilikuwa rahisi, bei ya kazi ilijulikana, kijana alijifunza kwa wiki, na mashine ilitoka inawaka na ina sura mpya. Mteja anafurahi hadi anapofungua kabrasha lake na kulikuta tupu. “Fundi, vitu vyangu viko wapi?” Anajibiwa kwamba diski ilikuwa na virusi. Mashine ambazo jedwali lake lilihitaji dakika ishirini za chkdsk zilifutwa na kuandikwa upya. Ni mikataba mingapi ya Chamazi, Buza na Kimara iliyoondoka namna hiyo hakuna atakayejua. Siwalaumu vijana peke yao. Mteja hakutaka kulipia kuokolewa kwa kitu asichokiona, alilipia kuwaka.

Zana tulikuwa nazo. Hiren's BootCD ilizunguka mitaani kwa nakala za kuchoma, na ndani yake mlijaa programu za diski. Knoppix, ya Mjerumani Klaus Knopper, iliwasha mashine kwa CD bila kuitegemea diski kabisa, ukaona mafaili ambayo Windows ilishindwa kuyafikia. TestDisk ya Mfaransa Christophe Grenier ilirudisha mipaka ya diski iliyofutika, na pacha wake PhotoRec ilitafuta picha na nyaraka hata pasipo jedwali. Ninayoipenda kuliko zote ni ddrescue. Ina busara ya mtu mzima: inanakili kwanza palipo rahisi, pagumu inaparuka na kupaandika, ikimaliza inarudi pagumu taratibu, na umeme ukikatika inaendelea ilipoishia kwa sababu imeweka kumbukumbu. Zote hazikutudai hata senti, na diski moja ya kibandani kwangu ina nakala ya kila moja.

Mwishoni mwa 2011 mambo mawili ya mbali yalikutana mezani kwangu. Oktoba mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski, bei ya diski mpya ikapanda dunia nzima. Desemba mvua kubwa ikaipiga Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, Jangwani, Kigogo na mabonde mengine yakajaa maji, na waliopoteza nyumba baadaye wakapelekwa Mabwepande. Kwa hiyo diski zilizozama zilikuja wakati ambao diski ya kunakilia ilikuwa ghali kuliko wakati wowote ninaokumbuka. Watu walikuwa wamezianika juani. Hilo ni baya, maana diski za aina ile zina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio, tope likishapita na kukaukia ndani, kichwa kinasugua udongo. Zilizonifikia zikiwa bado na unyevu, na maji hayakupita tundu lile, zilipona kwa kusafishwa bodi kwa spiriti na kukaushwa kwa subira. Nyingine niliwaambia wenyewe ukweli. Kufungua diski katika kibanda kilicho kando ya barabara ya vumbi ni kuiua, na yeyote anayekuahidi kuiponya hivyo anakudanganya.

Thamani ya yote haya niliiona vizuri kwa mama mmoja wa Mbagala Kizuiani. Mumewe alifariki, ndugu wa muuzaji wa zamani akaibuka na kudai kiwanja, na karatasi ya nyumbani ilikuwa imeliwa na mchwa. Alikumbuka tu kwamba mkataba ulichapwa steshenari fulani, ambayo ilikuwa imeshafungwa. Mwenye steshenari ile alikuwa na tabia ya kutotupa kitu. Diski yake mbovu ilikuwa kwenye ndoo pamoja na nyaya. Ilichukua siku kadhaa za ddrescue, kisha PhotoRec, kisha kusoma. Nakala ya kwenye diski haina sahihi, haikuwa ushahidi kamili. Lakini ilikuwa na majina ya mashahidi watatu, hatua za kiwanja na jina la mwenye shamba la upande wa magharibi. Wawili kati ya mashahidi walikuwa hai. Walikwenda kwenye baraza la kata wakasema walichokiona. “Ahsante, mwanangu,” aliniambia yule mama, na bado yuko pale pale Kizuiani.

Sasa kazi imebadilika tena. Kompyuta mpakato nyingi zinakuja na SSD, isiyo na sahani wala vichwa, haipigi mlio wa onyo; jana ilikuwepo, leo BIOS haiioni. Windows mpya zinaifunga diski kwa BitLocker, mara nyingi mwenyewe hana habari, na siku mashine inapogoma inadai ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo, hata diski nzima isiyo na kosa lolote ni chuma tu mkononi mwangu. Ninayemuuzia au kumtengenezea mashine siku hizi haondoki kabla hatujautoa ufunguo wake na kuuandika kwenye karatasi, na namwomba aiweke pamoja na mkataba wa kiwanja.

Mikataba yenyewe sasa inapigwa picha kwa simu, na simu inaibiwa kwenye daladala. Steshenari zinafungwa moja moja, wenyewe wanazeeka, mashine za zamani zinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nimeanza kuzifuatilia. Naenda kwa mwenyewe, naomba diski kabla ya mnunuzi wa chakavu, nanakili mara mbili: nakala moja inabaki kwake, moja nafunga kwenye kabati la kibanda, na hakuna anayefunguliwa faili lisilo na jina lake au la marehemu wake. Za Temeke na Tandika nimezipitia kwa sehemu kubwa. Mbagala bado nyingi. Anayejua steshenari ya zamani ya Chamazi, Goba au Bunju ambayo mashine zake ziko stoo, awaambie wenyewe wasizitupe, na wasimruhusu mtu kuzipiga Windows.